Msiba wa Afisa Mafunzo

Mafunzo ya kwanza aliyoyatoa Pelagia kiwandani yalifaulu kupita kiasi, na balaa lake lote lilianzia hapo.

Alikuwa ametoka Morogoro, Mluguru wa milimani, msichana mwenye miwani na koti la ofisi ambalo jua la Tabora halikuliafiki hata siku moja. Aliajiriwa kwa majaribio kuwa afisa mafunzo wa kiwanda cha kufunga asali, kwenye barabara iendayo Sikonge. Asubuhi ya kwanza tu, alipoingia kwenye chumba cha kuchujia, mama mmoja mnene aitwaye Mwanahawa aliacha kichujio chake, akamtazama kuanzia viatu mpaka nywele, kisha akauliza kwa sauti iliyofika getini.

"Jamani, huyu ndiye Mluguru tuliyeletewa? Mbona anatembea sawasawa? Mimi nilidhani kule mlimani mguu mmoja unakuwa mfupi!"

Kiwanda kizima kikaangua kicheko. Silasi, mpakiaji wa ndoo, akadakia kwamba binti afungwe kamba upesi kama kuku wa kwao, asije akaporomoka.

Haya si maajabu. Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu enzi za misafara, wapagazi walipokuwa wakipita kwenye milima ile na mizigo yao kwenda pwani. Mtani hukutukana mbele za watu nawe huna ruhusa ya kununa. Ukiwa na akili, unamrudishia tusi lililo bora zaidi. Pelagia alilijua hilo vizuri. Lakini yeye utani aliuzoea misibani na harusini, ambako wazee wa kwao walikuwa wakiufanya. Kazini, chuo kilimfundisha, hiyo ni lugha ya udhalilishaji. Basi hakurudisha tusi. Aliingia ofisini, akafunga mlango, akalia kidogo, akafuta miwani, akaandaa somo.

Somo liliitwa Lugha ya Staha Kazini. Alibandika bango ukutani: UTANI MARUFUKU. Akawapa wafanyakazi sentensi za kutumia badala yake: "Nashukuru kwa maoni yako", "Nimekuelewa", na "Niko tayari kujifunza". Mwisho wa somo kila mtu alipewa cheti. Mwanahawa, ambaye hakuwahi kupewa cheti cha kitu chochote maishani, alikipeleka mjini kikawekewa nailoni ngumu kisilowe asali.

Na watu wakafuata walichofundishwa, Mungu awasamehe. Ndoo ikimwangukia Silasi kidoleni, aliyeiangusha alisema, "Niko tayari kujifunza," na Silasi, machozi yakimlengalenga, alijibu, "Nimekuelewa." Chumba cha kuchujia kilikuwa kimya mpaka ukasikia asali ikidondoka. Pelagia alijipongeza sana. Mchana alikula peke yake ofisini, mlango ukiwa umefungwa, akiamini kuwa ukimya ule ni heshima.

Kisha makao makuu Dodoma wakatuma maswali ya kupima kama wafanyakazi wanaridhika. Tawi la Tabora liliridhika na kila kitu. Liliridhika sana na chai, sana na viti, na sana kuliko vyote liliridhika na basi la kampuni, wakati kampuni haina basi. Bosi wa Dodoma hakuwa mjinga. Alimpigia Pelagia simu.

"Ama watu wako wanaogopa, ama umewajazia majibu wewe mwenyewe," alisema. "Namtuma mkufunzi. Wakifungua midomo yao mbele ya meneja wao, nakuthibitisha kazini. Wakinyamaza, majaribio yako yataishia hapo."

Pelagia hakulala vizuri juma lile. Aliipenda kazi hii. Alishaanza hata kuupenda mji.

Mkufunzi aliitwa Adinani, kijana aliyependeza, aliyekuja na kipaza sauti chake mwenyewe ingawa chumba kilikuwa kidogo kiasi kwamba mtu akipiga chafya ukutani huku, wa ukutani kule anajifuta. Aliwapanga watu kwenye duara. Meneja Mustafa alikaa katikati yao akiwa na tabasamu. Alikuwa mtu mzima wa hapa hapa mjini, mpole, mwenye roho nzuri, na mwenye kosa moja tu kubwa: alikuwa ametunga wimbo wa kiwanda.

Wimbo ule uliimbwa kila asubuhi, juani, kabla ya kazi. Kiitikio kilisema "Asali ni dhahabu, tuifunge kwa adabu", na hiyo ndiyo iliyokuwa sehemu nzuri. Beti zilikuwa nyingi. Ubeti wa vifuniko ulitaja vipimo vyote vya vifuniko. Meneja aliongoza kwa mikono yote miwili, macho kafumba, na nyuki waliokuwa wakizungukazunguka ndoo tupu walikuwa wakiondoka. Hakuna aliyeupenda wimbo ule na hakuna aliyethubutu kusema. Meneja hakuwa mtani wa mtu pale. Alikuwa mkubwa wao na mzee wao, na mzee haambiwi kwamba ameimba vibaya.

"Tutarushiana mpira huu," alisema Adinani kwenye kipaza sauti. "Ukiudaka, unamwambia meneja jambo moja ambalo ungependa libadilike."

Alimrushia Silasi. Silasi akadaka.

"Nashukuru kwa mpira wako," alisema, akamrudishia.

Ulizunguka chumba kizima. Mmoja alishukuru, mwingine alielewa, wa tatu alikuwa tayari kujifunza. Meneja Mustafa alitikisa kichwa kwa fahari kwa kila jibu. Pelagia alikuwa akitokwa jasho ndani ya koti.

Wakati wa chai Adinani alimvuta pembeni. "Dada Pelagia, mimi nitaandika nilichokiona. Na sijaona kitu. Nimewahi kufundisha watu wa mochwari, wale wanaongea kuliko hawa."

Pelagia alimkimbilia Mwanahawa, aliyekuwa bombani akinawa mikono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Bi Afisa."

"Mama, nakuomba. Waambie watu waseme kitu. Chochote. Wakinyamaza mpaka mchana, mimi sina kazi."

Mwanahawa alifunga bomba, akamtazama. Ulikuwepo mchezo kwenye jicho lake, lakini ulikuwa umefungiwa ndani.

"Nimekuelewa," alisema kwa adabu kubwa. "Nashukuru kwa maoni yako."

Pelagia alisimama pale bombani, na kwa mara ya kwanza akasikia jinsi sentensi zake zinavyosikika zikielekezwa kwake mwenyewe. Aliona haya. Miezi yote hii alidhani amewafundisha kusema, kumbe amewafunga midomo na kuwapa vyeti vya kufungwa.

Walipokaa tena kwenye duara, hakumpisha Adinani azungumze. Alikwenda ukutani, akalibandua lile bango, akalikunja likawa kofia, akalivaa kichwani. Akapanda juu ya kiti.

"Nyinyi wapagazi!" alipiga kelele. Sauti ilimtetemeka mwanzoni. "Babu zenu walibeba meno ya ndovu kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo, wakilalamika njia nzima bila kuruhusiwa na mtu! Leo mnaombwa mlalamike, mmeletewa na mpira, mmekuwa mabubu! Michembe yenu ya viazi imewakwama kooni?"

Adinani alishusha kipaza sauti. Meneja Mustafa aliacha kutabasamu. Watu walimtazama Mwanahawa, na Mwanahawa akasimama taratibu.

"Nani kasema hayo?"

"Mimi, Mluguru! Na ninakufa leo. Huyu mkufunzi kaja kunizika kabla ya saa ya kula. Nyinyi ni watani gani, mtani wenu anazikwa mmekunja mikono?"

Basi. Hapo asingeweza kuwazuia tena hata kama angetaka.

"Uwiii!" Mwanahawa aliachia yowe lililowatoa watu wa jirani nje. "Mluguru wetu kafa! Nani atatuporomokea sasa?" Silasi alikwenda kujilaza chali mlangoni, akatangaza kuwa maiti haipiti hapo mpaka watani wapewe haki yao. Wengine walimshusha Pelagia kitini, wakamlaza juu ya meza yenye vitabu vya mkufunzi, wakampepea kwa vyeti. Mwanahawa alimvua koti na miwani, akavivaa. Koti liligoma kufunga. Akaanza kutembea mle chumbani kwa hatua ndogondogo za haraka, kidevu juu, hivyo hivyo anavyotembea Pelagia, na hata maiti ikacheka.

"Nyamaza, umekufa!" Silasi alimkaripia kutoka mlangoni.

"Nasoma wasifu," alisema Mwanahawa. "Marehemu alizaliwa mlimani, akabiringika mpaka Tabora. Alikuta tunakunywa chai ya sukari ya kupimiwa, kwenye kiwanda cha asali! Akatuambia tushukuru. Marehemu alikuta viti vinatubana makalio, akatuambia tumeelewa." Watu walilia kwa kicheko, meneja naye akifuta machozi. "Na kila asubuhi, huyu marehemu alikuwa akituimbisha! Juani! Vifuniko, vipimo, vifuniko, vipimo! Mpaka nyuki wakahama!"

Kicheko kikakatika. Kila mtu alijua marehemu hakutunga wimbo wowote. Walimtazama meneja kwa pembe za macho, na meneja aliangalia mikono yake, ile iliyokuwa ikiongoza.

"Wimbo wote?" aliuliza mwishowe, kwa sauti ndogo. "Au ubeti wa vifuniko tu?"

Pale juu ya meza Pelagia alimwonea huruma mpaka akataka kufufuka. Mwanahawa aliinama, akaweka sikio mdomoni pa maiti.

"Marehemu anasema wote," alijibu taratibu. "Lakini anasema nia ya mtunzi ilikuwa nzuri, na watu waliijua."

Meneja Mustafa alivuta pumzi ndefu, akainuka, akamruka Silasi, akatoka nje. Watu wakaanza kuogopa. Alirudi na ndoo ya asali ya Sikonge, ile nyeupe ya kuuzwa nje ya nchi, akaitua mbele ya Mwanahawa.

"Haki ya watani," alisema. "Ya chai. Na ikiisha, semeni."

Vigelegele vilivyofuata vilikizima kipaza sauti.

Adinani alimkuta Pelagia akitafuta miwani yake. Alikuwa ameandika mpaka mkono umemuuma. "Dada, hakuna tawi lililosema hivi. Utathibitishwa, mimi mwenyewe nitawaambia. Lakini mbinu hii umewafundisha kwa muda gani?"

"Niliwafundisha kuiacha," alisema Pelagia. "Hapo ndipo nilipochukua muda."

Saa ya kula ilipofika aliingia ofisini kama kawaida, akatoa kontena lake la wali, akanyoosha mkono kufunga mlango. Mkono ukasita. Kutoka chini ya banda la ndoo, walipokuwa wamekaa wafanyakazi kuzunguka sinia la ugali na mlenda, Mwanahawa alikuwa akiita, bado kavaa lile koti, mishono imeachia mgongoni.

"Wewe marehemu! Miezi yote hiyo unakula peke yako kaburini, huchoki?"

Mtu alikuwa ameshasogea, pakabaki nafasi ya mtu mmoja mwembamba. Pelagia aliuacha mlango wazi, akavuka uwanja na kontena lake, macho yamejaa machozi.

"Taratibu," Silasi aliwaambia wenzake. "Kuna mteremko hapo."

Pelagia alikaa, akamega tonge.

"Sogeza mguu wako, mpagazi," alisema. "Unanuka safari."