Majani ya Mahame

Msiniite mwongo. Lile boma lilikuwepo, nasema hata kesho.

Jirani yangu Machage hakungoja hata matanga ya mume wangu Nashoni yaishe. Alikwenda baraza la kata akasema ekari zangu mbili, hapa juu milimani Tarime, ni malisho ya baba yake, hapajawahi kukaa mtu. Uso mkavu! Hapo palikuwa na boma la baba mkwe wangu na zizi lake, akahama kabla sijaolewa. Nikinyang'anywa hizo ekari, mimi na binti yangu Nyangi tutakula nini?

Baraza wakasema watakuja kukagua. Huku kwetu kila mtu anajua mahame, yaani boma lililohamwa, yanavyotambulika: samadi ya zizi ikikaa ardhini miaka, huota majani ya kuwasha. Si ule upupu unaotambaa na kuzaa maganda yenye manyoya, hapana. Haya husimama wima, majani mawili mawili yakitazamana, kingo zake zina meno ya msumeno, na vinywele ambavyo vikikugusa utaruka. Kwangu yalikuwepo tele. Niliyang'oa mwenyewe mpaka mzizi wa mwisho, mwaka ule Nyangi alipoanguka humo akalia kutwa nzima. Nashoni alinikataza. "Iache hiyo alama," aliniambia. Nikamjibu kwamba alama hailiwi. Jamani, mimi na ubishi wangu!

Basi nikaogopa. Nikaenda nyuma ya zizi la rafiki yangu Efrazia, nimevaa mifuko ya nailoni mikononi, nikachimba mashina ya majani yale, na mizizi yake na udongo wake. Nikayapanda shambani kwangu, nikaweka samadi, nikayamwagilia kila jioni. Ukaguzi uliahirishwa mara mbili, nikamshukuru Mungu. Baada ya miezi mitatu yalikuwa yamefika kiunoni, yanawasha kwelikweli. Nilifurahi, mjinga mimi.

Siku ya ukaguzi wajumbe walikuja na mzee Mogesi, waliyemwita kwa sababu amezaliwa eneo hili na analijua lote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu," akaitikia, tena kwa tabasamu.

Nikawaonyesha majani. Nikapaza sauti Machage asikie: "Haya yameota yenyewe tangu mkwe wangu ahame!"

Mzee Mogesi akainama. Akatazama upande huu, akatazama upande ule. Kisha akapima kwa hatua, polepole, kutoka shina hadi shina.

"Mama Nyangi," akasema, "majani ya zizini huota ovyo, yamebanana. Mbona haya yako kwenye mistari?"

Yesu wangu! Mistari mitano, imenyooka kama ya mahindi. Bwana shamba alitufundisha kupanda kwa kamba, na mkono wangu umeshazoea, haujui kupanda vingine.

Machage akacheka mpaka akashika magoti. Mwenyekiti akafunga daftari, akasema wameona vya kutosha, shamba ni la Machage. Wakaanza kuondoka. Nikamkimbilia mzee Mogesi.

"Mzee, nimekosa, nisamehe. Lakini boma lilikuwepo, naapa!"

"Najua lilikuwepo," akasema kwa uchungu. "Nilichunga ng'ombe wa mkwe wako hapa hapa, miaka mitatu. Leo nilikuja kusema hivyo."

Sikuwahi hata kumuuliza.

"Basi kaseme, mzee wangu. Tafadhali."

Akanitazama kidogo, akawafuata. Nilimwona akisimama mbele ya mwenyekiti, kofia mkononi, akieleza na kuonyesha lilipokuwa lango la zizi. Hakuna aliyetazama alikoonyesha.

"Mzee," Machage akamuuliza kwa sauti kubwa, "huyu mama kakupa mbuzi wangapi?"

Wajumbe wakacheka. Mzee wa watu akanyoosha tena mkono kuonyesha lile lango. Nilitaka kumtetea, wallahi nilitaka. Lakini kila neno langu lingezidi kumtia aibu, kwa hiyo nikasimama pale pale, nikamwacha atukanwe.