Jiwe Lililoumwa

Kesho yake baada ya kumzika mkewe Roda, Andati alirudi kwenye maabara ya chuo kule Sigalagala, akavaa koti lake jeupe, akafungua mkebe wa marehemu. Majirani walisema mwanamume yule ana moyo wa jiwe. Yeye mwenyewe alijipapasa kifuani akakuta hata jiwe halimo.

Roda alikuwa mwalimu wa kemia, Andati fundi wa maabara yake. Kwa miezi minane Roda alikuwa akitengeneza kemikali moja kutokana na sukari, akiivisha kinga mahali pasipotakiwa kuguswa. Kinga hiyo aliiita kofia. Kazi ikiisha kofia huvuliwa, na hapo ndipo palipomtoa jasho, maana asidi ya maji ilivua kofia ikang'oa na kichwa. Kazi iliharibika mara mbili. Kilibaki kichupa kimoja cha kemikali yenye kofia, unga wa kujaa ncha ya kisu.

Dawa aliipata mdomoni mwake. Alipokuwa mja mzito alitafuna yale mawe laini ya udongo yanayouzwa soko la Mayoni. Siku moja alisaga moja, akaliloweka katika asidi, akaliosha, akalikausha, akalijaribu kwa kemikali ya mazoezi. Asidi ilibaki imeng'ang'ania udongo. Unga wa jiwe ukavua kofia polepole, kisha ukachujwa kama majani ya chai.

"Kumbe mimi nakulanga maabara," alisema huku akitafuna jiwe jingine, akicheka, ameshika tumbo. Yeye na mtoto walizikwa pamoja.

Sasa mkebeni lilibaki jiwe moja. Andati alikuwa amejaribu mawe mengine ya soko lile, yakagoma. Shimo la zamani yalikochimbwa mawe ya Roda lilikuwa limefukiwa. Na hilo moja lilikuwa limeumwa pembeni, alama za meno ya Roda wazi kabisa, pamoja na mwanya wake.

Asipolisaga, kazi ya Roda ingefia kichupani. Alilisaga. Hakusikia chochote moyoni. Punje moja iliruka kutoka kinuni, akaitia mfukoni, kwa kuwa Roda hakupenda kitu kitupwe.

Siku ya tatu, mchanganyiko wa jiwe na unga wa kichupani ukiwa bado juu ya moto mdogo, Erastus, kaka yake Roda, alisimama mlangoni.

"Shemeji, leo ni kunyolewa kwa msiba. Wazee wamesema bila wewe hakuna mtu atanyolewa."

"Ngoja kidogo."

"Unapika nini siku kama hii?"

"Kazi ya dada yako."

Alichuja, akadondosha tone kwenye kibao cha kupimia. Kazi iliyoharibika hutoa madoa mengi. Lilitokea doa moja tu, mahali pale pale Roda alipokuwa amelichora daftarini kabla hajaliona. Andati aliandika chini yake: Imevuliwa, nzima. Alitafuta furaha akaikosa.

Nyumbani walimkalisha kwenye kigoda, koti jeupe bado mwilini. Shangazi yake Nekesa, aliyezoea kumwita senge, alipitisha wembe kisogoni. Nywele zilimwangukia mapajani, akazitazama kama za mtu mwingine. Alitia mkono mfukoni, akaikuta punje, akaiweka ulimini. Ilikuwa na ladha ya vumbi lililonyeshewa, ladha ya midomo ya Roda miezi yote ile ya mwisho.

Nekesa aliona mabega yakitikisika, akainua wembe.

"Nimekukata, mwanangu?"

"Hapana, senge," alisema Andati, machozi yakimtiririka hadi kidevuni. "Wewe nyoa."