Mtu Ndani ya Gari

Kwenye kioo cha mbele cha gari la sampuli zilibandikwa karatasi mbili, na dereva wake, Dada Barafu, alikuwa amezichoka zote mbili. Ya kwanza, yenye muhuri wa maabara na saini ya meneja, ilisema injini isizimwe hata dakika moja maadamu kuna damu kwenye friji. Ya pili, yenye nembo ya baraza la mji, ilisema ni kosa kuacha gari likinguruma bila mtu ndani. Zilikaa bega kwa bega kama majirani wasiosalimiana, na kila asubuhi alipofunga mkanda alizitazama, akijiuliza leo atamkosea nani.

Sheria yenyewe haikutoka hewani. Watu wa mji ule walikuwa na mazoea ya kuacha magari yakinguruma mbele ya maduka. Mtu anaingia kununua mkate, anatoka anakuta alama za matairi. Msimu mmoja wa mvua yaliibwa magari kumi na saba kwa mtindo huo, na baraza, lililochoka kulaumiwa, likaamua kuwalaumu wenye magari. Kosa la kwanza, onyo. La pili, onyo la maandishi. La tatu, leseni yako inakaa baraza kwa miezi mitatu. Hiyo miezi mitatu ndiyo iliyomkosesha Dada Barafu raha, maana tayari alikuwa na makosa mawili, na meneja alikwisha kusema mbele ya watu kwamba gari la maabara halimsubiri mtu.

Angefanyaje? Friji ya nyuma ilikuwa na betri yake, nayo ilikufa zamani. Sasa iliishi kwa injini tu. Kila alipouliza habari ya betri mpya aliambiwa imeagizwa; mwezi wa nane huu, imeagizwa. Alikuwa na zahanati saba za kupitia, na kila moja ilimtaka ashuke, aingie, asaini, abebe chupa zake. Kulikuwa na kitaa kidogo cha friji kwenye dashibodi: kijani, mambo sawa, kikigeuka chekundu, mzigo wote unamwagwa. Na hakikungoja sana. Dakika kumi na tano bila injini, basi.

Alishawahi kulitii baraza. Wiki ya kwanza ya sheria alizima kila kituo kama raia mwema, na kufika zahanati ya nne kitaa kilikuwa chekundu kama pilipili. Damu ya watu arobaini na watatu ikamwagwa. Siku iliyofuata alimkuta mama mmoja amempakata mtoto mchanga, anamshikilia mkono achomwe tena, mkono wenyewe hauna hata mshipa wa kuonekana. Yule mama hakumtukana. Alimtazama tu, kisha akarudi kumbembeleza mwanawe. Tangu siku hiyo Dada Barafu hakuzima tena.

Alikwenda baraza kuomba ruhusa maalumu. Karani akamwambia alete barua ya meneja. Meneja akamwambia barua kama hiyo huombwa na baraza lenyewe. Akapigwa danadana mwezi mzima, kila upande ukimpokea kwa tabasamu na kumrudisha kwa tabasamu, mpaka akatamani mmoja wao angemfokea ili naye apate pa kufokea.

Ndipo jioni moja, akiosha vyombo, akaisoma sheria upya kichwani mwake. Bila mtu ndani. Haikusema dereva, ilisema mtu. Akageuka. Sebuleni, kwenye kiti chake karibu na redio, alikaa baba yake.

Mzee huyo aliendesha mabasi ya abiria miaka thelathini na mmoja, na abiria wakambandika jina la Taratibu, kwa sababu kwenye basi lake ungeweza kunywa chai usimwagikiwe. Kisha presha ya macho ikamwingia kimyakimya. Alibaki anaona mbele tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Pembeni kote giza. Alificha. Alipogonga nguzo ya geti la nyumbani alisema nguzo ilikuwa imelegea siku nyingi. Siku ya kupimwa ili leseni ifanywe upya, binti yake ndiye aliyempeleka, na binti yake huyohuyo ndiye aliyemwambia daktari habari ya nguzo. Akanyimwa leseni. Tangu safari ya kurudi, miaka miwili, kila walipotoka pamoja mzee alifungua mlango wa nyuma akakaa kama abiria.

Sasa Dada Barafu alikuja akasimama mbele yake, mikono ina povu, akamweleza.

"Kwa hiyo kazi yangu itakuwa nini?" mzee akauliza.

"Kukaa tu, Baba. Sheria inataka mtu."

"Na mtu mwenyewe ndiye mimi."

"Ndiyo."

Mzee aliizungusha kidogo mkononi fimbo yake nyembamba ya kutembelea. "Haya," akasema.

Asubuhi mzee alikuwa tayari kabla yake. Amepiga pasi shati la zamani la kazini, viatu vinang'aa, na kwa mara ya kwanza akafungua mlango wa mbele. Dada Barafu aliona yote hayo, lakini alikuwa na haraka. Alimwonyesha kitaa cha friji na kumwambia asiguse kitu kingine chochote.

Mambo yakanyooka, kwa maana ya sheria. Askari wa maegesho wa mitaa ile, kijana mrefu ambaye madereva walimwita Kalamu kwa jinsi alivyokuwa mwepesi wa kuandika, alichungulia dirishani, akamkuta mzee, akatoa shikamoo, akaenda zake. Kitaa kilibaki kijani. Lakini ndani ya gari mambo hayakunyooka hata kidogo. Mzee Taratibu alikuwa na masikio, na masikio yake hayakustaafu. Mkanda wa feni unalia. Gia ya pili unaiwahi. Hilo tuta ungeliingia kwa upande. Alisema kwa upole, kama alivyofanya kila kitu, na huo upole ndio uliomkera binti. Siku ya tisa, akiwa amelala kwa muda wa saa nne tu na meneja amempigia simu mara mbili kabla ya saa mbili asubuhi, alipasuka.

"Baba, nilikuomba ukae. Sikukuomba uendeshe."

Mzee akafunga mdomo. Aliweka mikono juu ya mapaja na kutazama mbele, kwenye kile kitundu chake cha kuonea, na hakuufungua tena kituo cha nne wala cha tano. Dada Barafu alijua amekosea. Alijua pia kwamba hana nafasi ya kuomba radhi kabla ya kituo cha saba. Moyoni akaipangia jioni.

Zahanati ya sita ilikuwa kwenye njia nyembamba, geti lake likifungukia barabarani moja kwa moja. Aliegesha mbele ya geti kama siku zote. Ndani, nesi alikuwa hajaandika majina kwenye chupa mbili, kisha kalamu ikagoma, kisha daftari la kusaini likawa limefungiwa kabatini na mwenye ufunguo yuko chooni. Nje alisikia gari la wagonjwa likipiga honi, ndefu, tena na tena. Aliisikia kama mtu anavyosikia mtoto wa jirani akilia. Kila mtu na shida zake, alijisemea, akaendelea kungoja ufunguo.

Alipotoka amebeba kasha, gari la wagonjwa lilikuwa limekwisha kuingia uani. Lake halikuwepo.

Tuseme ukweli, ingawa yeye mwenyewe ilimchukua muda kuukubali: kilichomjia kwanza ni friji. Cha pili ni leseni. Baba alikuja wa tatu, na alipokuja, akakaa kwenye ukingo wa barabara na kasha lake mapajani.

Kalamu alimkuta hapo. Akauliza gari liko wapi, na Dada Barafu akamwambia limeibwa, baba yake akiwa ndani. Kijana akapiga simu kituo cha polisi, akataja namba za gari, akafanya yote inavyopasa. Kisha, kwa sauti ya mtu anayejua kwamba swali lake si la wakati huo lakini fomu inalitaka, akauliza kama injini ilikuwa inanguruma. Ilikuwa. Na mzee ana leseni? Hana.

"Sasa dada, hapo ni kama lilikuwa halina mtu."

"Baba yangu ni mtu!"

Alisema kwa sauti iliyowafanya wagonjwa kwenye benchi la nje wageuze shingo. Na hapohapo, kabla mwangwi haujatulia, akaona haya, maana alikumbuka nani alikuwa akimwambia mtu huyo asiguse kitu.

Zilipita dakika kama ishirini. Halafu gari likatokea mwisho wa njia, likija mwendo wa mtu anayetembea, katikati kabisa ya barabara, nyuma yake pikipiki tatu zikipiga honi kwa hasira. Likaja, likaja, likasimama palepale lilipokuwa, shubiri moja kutoka ukingoni. Kwenye usukani alikaa Mzee Taratibu, mgongo wima, jasho limemlowesha shati lote. Alivuta breki ya mkono, akaacha injini ikinguruma.

Hadithi yake ilikuwa fupi. Gari la wagonjwa lilitaka kuingia, ndani kuna mama amelala chali anapiga kelele. Alipiga honi kumwita binti yake, binti hakutoka. Kurudi nyuma asingeweza, nyuma haoni. Basi akaenda mbele, akazunguka mtaa mzima, kona zote za upande mmoja, mpaka akarudi. Kitaa, akasema, kiko kijani. Alikitazama njia nzima.

Kalamu alisikiliza mpaka mwisho. Alimpa mzee pole, na haikuwa ya mdomoni tu. Kisha akafungua kitabu. Kuliacha gari mikononi mwa mtu asiyeruhusiwa kuendesha ni sawa na kuliacha wazi, alisema. Hakukitunga yeye kifungu hicho. Hilo ni la tatu. Akanyoosha mkono, na Dada Barafu akaitoa leseni yake pochini akampa. Alishangaa kwamba haikuuma kama alivyokuwa akiogopa wiki zote hizo. Ilikuwa kadi tu, ina picha yake ya nywele fupi. Kwa miezi mitatu nyumba yao isingekuwa na dereva hata mmoja.

Alizunguka upande wa pili kuweka kasha kwenye friji, na hapo akaona. Kioo cha pembeni, upande wa abiria, kilikuwa kinaning'inia kwa waya. Chini yake, mlango mzima, mkwaruzo mrefu umeingia mpaka kwenye bati.

Mzee alikuwa ameshuka. Alikuja akipapasa ubavu wa gari kwa kiganja mpaka akamfikia, akausogeza mdomo karibu na sikio lake ili kijana asisikie.

"Kuna kitu niligonga. Kona ya pili. Sikukiona, nilisikia tu." Kiganja chake kilikuwa kwenye mkwaruzo. "Nilisimama, watu wakanipigia honi, nikaondoka. Nenda ukaangalie, mwanangu. Uje uniambie ni kitu gani."

Dada Barafu alikitazama kitaa. Kijani. Bado zahanati moja, na maabara hufunga mlango wa kupokea saa nane kamili. Alikitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akazunguka upande wa usukani, akaingiza mkono dirishani, akazima injini, akachomoa ufunguo. Kimya kilichofuata kilikuwa kigeni masikioni mwake. Hakuwa amekisikia kwenye njia ile tangu wiki ya kwanza ya sheria.

"Twende wote," akasema.

Kalamu aliinua macho kutoka kitabuni na kuuliza wanakwenda wapi. Waliondoka, mzee ameshika kiwiko cha binti yake, viatu vyake vinavyong'aa vikipapasa kingo za barabara. Kona ya kwanza walikuta fundi viatu na wateja wake, wanapiga soga zao. Dada Barafu alizikagua nyuso zao. Hakuna aliyelia, hakuna aliyekimbia. Baba yake, asiyeona nyuso, alikuwa akisikiliza kwa nguvu zake zote. Binti alilihisi hilo kwenye kiwiko chake.

Kona ya pili, alikiona kabla hawajafika. Akasimama.

"Nini?" mzee akauliza.

"Pipa, Baba. Pipa la taka."

"Usinitulize."

"Pipa kweli."

"Hata yule daktari ulimwambia kwa upole," mzee akasema.

Dada Barafu akamvuta mbele, akamwinamisha, akaushika mkono wake na kuuweka juu ya plastiki iliyobonyea. Mzee alipapasa polepole, pipa zima, bila kuruka mahali: ukingo, gurudumu lililong'oka, mfuniko uliorushwa kando, maganda yaliyomwagika. Alipapasa na lami iliyolizunguka, upande huu na upande ule, mpaka akaridhika kwamba hakuna kingine. Kisha akabaki amechuchumaa pale, kiganja bado kiko juu ya pipa.

"Lina urefu wa mtoto wa darasa la kwanza," akasema.

Dada Barafu naye akachuchumaa. Nyuma yao, mtaa mmoja tu, kitaa kilikuwa kikihesabu dakika zake.

"Asubuhi nilisema nawe vibaya," akasema.

"Ulisema kweli."

"Nilisema vibaya."

Mzee akauliza mdomo wa pipa uko upande gani, na binti akamwelekeza. Wakaliinua pamoja, mmoja huku, mmoja kule. Lilikataa kusimama kwa sababu ya lile gurudumu, likaegemea upande wa mzee, naye akalizuia kwa goti.

"Lishike hapo, Baba," akasema Dada Barafu. "Usiliachie. Ngoja nitafute jiwe."