Baba Alipokanyaga Cherehani

Mama alijikwaa kwenye kizingiti cha chumba chake cha kushonea, amekumbatia jora la kitambaa cheupe lililomziba macho. Kitambaa kilikuwa cha gauni langu la harusi, na harusi ilikuwa imekaribia. Kifundo cha mguu wa kulia kikavimba papo hapo.

"Niletee maji ya moto na mafuta, unichue," aliniambia, ameuma meno.

"Ng'o," akasema baba kutoka uani. Ujanani alikuwa golikipa wa timu ya kiwandani, na majirani bado walimwita Kipa. Vidole vyake vilikuwa vimepinda, kila kimoja na upande wake. "Maji ya moto yatazidisha uvimbe. Na kuchua siku za mwanzo ni kujitafutia balaa."

"Udaktari umeanza lini?"

"Tangu waliponichua mimi nikakaa nje msimu mzima. Hebu kanyaga kidogo."

Mama alikanyaga, akakunja uso, lakini mguu ukambeba.

"Afadhali. Ungegoma kabisa, tungekuwa njiani kwenda hospitali."

Nikatumwa barafu kwa jirani. Baba akaifunga kwenye taulo isiunguze ngozi, akawa anaiweka na kuiondoa. Kisha akazungusha bendeji kuanzia karibu na vidole kupanda juu, akiminya kucha kuhakikisha damu inapita, akaupandisha mguu juu ya mito. Sikuwahi kumwona akimshika mama hivyo. Wazazi wangu hawakuwa wagomvi, ila hawakuwa na maongezi pia. Kila mtu na kazi yake, mkikutana ni mezani.

Shida ikabaki cherehani, maana ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu. Mama alishaapa kwamba gauni la bintiye halitaguswa na fundi mwingine. Nilipomshauri tulipeleke kwingine, alilia, na mama yangu hakuwa mtu wa kulia.

Baba akavuta kiti, akakibananisha na cha mama. "Wewe shika kitambaa. Mimi nakanyaga."

Mwanzoni walivunja sindano mpaka nikaona harusi nitaenda na khanga.

"Taratibu, Kipa, hufukuzwi na mtu."

"Sema basi nisimame wapi. Mimi naijua nguo?"

Baadaye wakazoeana. Mama aliinua nyusi tu, baba akasimamisha mguu. Nilikaa jikoni nikisikiliza cherehani ikienda na kutua, na katikati yake vicheko ambavyo sikuvizoea. Sasa baba alishatutoka, na mama ana mashine ya umeme isiyohitaji mtu wa pili. Naikumbuka sauti ile.

Asubuhi moja, gauni likiwa limebakiza mikono, nilimwona mama akianika nguo uani. Alikuwa amesimama kwa ncha za vidole kuifikia kamba, mzima kabisa. Aliporudi ndani akaanza kuchechemea.

Nilimkimbilia baba, aliyekuwa akikunja bendeji iliyofuliwa. "Baba, mama amepona. Anakuchezea shere."

"Najua, mwanangu," alisema bila kuniangalia. "Anayemfunga si mimi? Usije ukamwambia."

Akaingia chumbani, nikasikia kiti kikivutwa.

"Vipi mguu, bado unauma?"

"Mno," alisema mama.

"Pole. Ulete hapa niufunge, halafu tushone."