Rimu za Malale

Malale alipiga magoti nyuma ya gari lake jekundu la spoti, lililofika Mpanda kwa treni ya mizigo, akachungulia chini ya madigadi. Rimu za kwanza alizojaribu zilikwangua. Za pili zilikaa ndani mno, gari likaonekana limebanwa na mkojo. Mkewe, Odeta, alikuwa na mimba ya miezi minane, na Malale alikuwa ameapa kuwa mwanawe hatabebwa kwenye keria ya baiskeli kama watoto wa wengine.

"Barabara yetu inataka rimu ngumu, bosi," alisema Révérien, fundi aliyetoka Mishamo. "Kama zile za ambulensi."

Msimamizi wa kituo cha afya alikuwa Malale mwenyewe. Jioni hiyo ambulensi ikapumzishwa juu ya mawe. Révérien akatoboa matundu upya, akatanua madigadi kwa nyundo, na gari likasimama kama jogoo anayevuka tope. Lilipendeza, tusiseme uongo.

Jumamosi, Malale akielekea dansini, usukani ukakata kona wenyewe kuelekea Sitalike. Redio ikaacha muziki, ikapiga king'ora. Gari likasimama mlangoni kwa Nyamizi, aliyekuwa ameshikwa uchungu.

"Nyie mmechelewa," mama mkwe wa Nyamizi akasema, akifungua mlango. "Shuka, baba. Viti ni viwili."

Bibi akakaa penye usukani, mikono mapajani, na gari likawafikisha kituoni bila kugonga hata kuku. Malale akarudi kwa miguu.

Huko watoto hupewa majina ya yaliyotokea siku waliyozaliwa. Gari likazidi kujiendea kwa wenye uchungu: akapatikana Spoti, akafuata Rimu, kisha mapacha Breki na Klachi. Kamati ya kituo ikampongeza Malale kwa kujitolea. Na kwa kuwa ambulensi haikuhitajika tena, mwenyekiti akachukua betri, katibu akachukua vioo. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Kuku wakachukua kiti cha mbele. Hakuna aliyeuliza rimu zilitoka wapi, maana kila mtu alijua.

Uchungu wa Odeta ulianza wakati gari limemfuata mwingine Kapalamsenga.

"Mtoto amekaa vibaya," alisema nesi Theopista. "Apelekwe hospitali sasa hivi."

Malale akambeba mkewe hadi kwenye ambulensi, akafukuza kuku, akashika usukani. Akauzungusha kulia na kushoto, akilia king'ora kwa mdomo, machozi yakimtoka. Mawe hayakusogea.

"Punguza mwendo kwenye mashimo, mume wangu," Odeta akasema, amefumba macho.

Mtoto alizaliwa hapo hapo, mzima, kwa bahati tu. Odeta akamwita Mawe.

Jumatatu Malale akarudi gereji.

"Hizi rimu zina kiherehere," alisema. "Huna nyingine, pana kidogo?"

"Zipo za lori la maji la kijiji, bosi."

Malale akapiga magoti, akaanza kupima.