Firigisi ya Kochi Willis

Jumapili Pascalia alichinja ingokho, kuku wa kienyeji, akaipika kwa kuni, akampakulia mumewe firigisi kama impasavyo mwenye nyumba. Firigisi haikupita kwenye vyuma vya helmeti ya Willis. Pascalia akaichukua, akaikata vipande vyembamba kwa kisu cha mboga, akamrudishia. Firigisi ya mwenye nyumba haikatwi, hata mtoto mdogo wa Khayega anajua hilo. Willis aliila akiangalia ukuta. Obusuma nao, yaani ugali, alifinyangiwa vijiti vyembamba kama penseli, na mchuzi aliunywa kwa mrija wa soda.

Helmeti hiyo alikuja nayo kutoka Amerika, alikocheza mpira wao ule wenye umbo la yai, ambao mtu huukumbatia na kukimbia nao. Alikuwa mlinzi. Kazi yake ilikuwa kumwangusha aliyebeba mpira, na kama kuna mtu katikati, basi kumpitia huyo wa katikati. Kazi hiyo aliiweza, usiniulize. Kila alipogongwa akaona taa zinacheza, daktari wa timu alimwonyesha vidole. Willis alitaja idadi yoyote, na daktari, ambaye naye alitaka kushinda, akampigapiga begani. Msimu wa mwisho helmeti ikakataa kutoka. Walijaribu mafuta, wakajaribu bisibisi. Kisha timu ikamshukuru, ikamwambia helmeti abaki nayo.

Khayega hakuna aliyeshangaa. Kinyozi alimpunguzia nywele zilizochomoza kwenye matundu. Kanisani, ambako hawana mchezo na mwanaume anayevaa kofia ndani, walimtengea kiti cha nyuma. Watu wa bodaboda wakamwita mwenzao. Ni Willis peke yake aliyejua mlivyo mle ndani: joto, jasho lisilofutika, sauti za watu kama zinatoka nyumba ya jirani. Siku nyingine alimtazama Pascalia huku akilitafuta jina lake, asilipate hadi chai imepoa. Alikuwa amechoka na kichwa chake mwenyewe.

Sasa utauliza, mbona kule Amerika hakusema kwamba anaumwa? Baba yake, mzee Osiako, ni mfugaji wa fahali wa kupiganisha. Fahali akigeuza mgongo uwanjani, watu humcheka mfugaji, na kabla ya saa sita fahali yuko sufuriani. Willis akiwa mdogo aliwahi kumla mmoja ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akimkatia nyasi. Nyama ilikuwa tamu. Tangu siku hiyo hakuwahi kugeuka.

Vijana walipoanzisha timu ya mpira huo, walimwomba awe kochi. Alikubali kwa nia moja tu, kwamba hakuna kichwa kitakachopatwa na yaliyompata yeye mikononi mwake. Alimwahidi hivyo Gentrix, mjane anayeuza omena sokoni, ambaye Tevin, mmoja wa vijana hao, ndiye mwanawe wa pekee.

"Huyu nakuachia," Gentrix alimwambia. "Sina mwingine mimi. Usinichezee."

"Mama Tevin, nitamlinda."

Siku ya fainali walikuja vijana wa Bukura. Ngoma za isukuti zililia, nusu ya Khayega ikajipanga kando ya uwanja, na mzee Osiako akasimama mbele yao na fimbo yake ya kuchungia. Mechi ikiwa karibu kuisha, Tevin aligongwa, akachelewa kuinuka, akaja kwa kochi akipepesuka.

"Kochi, Bukura wamekuwa wengi."

"Wengi aje?"

"Kila mtu yuko na mwenzake."

Willis alifungua mdomo amwambie akae chini. Mkanda wa kidevuni ukalegea wenyewe. Upepo ukaingia ukamgusa sikio, naye alikuwa amesahau kwamba upepo ni baridi. Lilibaki neno moja tu, na helmeti ingemdondokea mikononi.

"Huyo anageuka!" Osiako akapaza sauti nyuma yake. "Willis, dume lako linageuka!"

Watu wakacheka. Willis, pande la mtu aliyeangusha majitu ya Amerika, akaogopa kicheko.

"Rudi ndani," akamwambia Tevin.

Mkanda ukajifunga, tak.

Walishinda. Isukuti ziliwasindikiza hadi sokoni, na Osiako akampa Tevin mkono mbele ya watu wote. Wenzake walipovua helmeti wajimwagie maji, Tevin aliivuta yake, akaivuta tena, kisha akashusha mikono.

Jioni Gentrix alifika kwa Willis. Hakufoka, na Willis alitamani sana afoke. Alimsalimia uani, "Mulembe, kochi," akapita moja kwa moja hadi jikoni kwa Pascalia. Willis aliwasikia kwa mbali kupitia ukutani.

"Dada, obusuma unafanyanga aje ndio upite?"

"Usonge uwe mgumu kidogo. Lowesha mkono, viringisha hivi. Hivi, ona."

"Na firigisi? Tangu babake atuache, firigisi ni yake."

"Unaikata."

Kuni zikalia.

"Ikatie huku jikoni," Pascalia akasema. "Mimi nilikosea. Usiikate akikuona."

Uani, Willis alikuwa akitafuta filimbi yake. Kesho yake kulikuwa na mazoezi.