Fumbueni Midomo, Msitoe Sauti

Ndugu yangu Bhekithemba alipigwa risasi kwenye lango la kiwanda cha matairi, siku za mgomo. Igizo la mgomo ule tulilicheza kwenye ukumbi wa chama cha wafanyakazi, mtaani kwetu KwaMashu. Mimi, MaNgubane kama wanavyoniita wenzangu, nilitaja majina ya waliouawa, na kwa kila jina ukumbi mzima ulijibu: "Yupo!" Marehemu Baba Shezi, aliyetuongoza, alikuwa na sheria moja: "Usitaje jina la pili mpaka la kwanza lijibiwe. Wakinyamaza, na wewe simama hapo hapo uwatazame."

Sasa wanatengeneza filamu. Wakanifuata tena nitaje majina. Nilikubali ili dunia imsikie ndugu yangu akijibiwa. Basi.

Mwongozaji, Lwandle, kijana aliyesomea ng'ambo, aliwapanga watu mbele ya lango lile lile. Wengi walikuwa wagomaji wenyewe, wazee sasa.

"Wazazi wangu, Mama akitaja jina, inueni ngumi, fumbueni midomo, ila msitoe sauti. Nataka ya Mama inaswe safi. Majibu tutayarekodi studio."

"Tupige kelele za kimya?" Baba Hlengwa, mmoja wa wagomaji wale, akauliza. "Hiyo hata makaburu hawakuifikiria!"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

"Bhekithemba Ngubane!"

Midomo ikafumbuka kama ya samaki nchi kavu. Nikangoja.

"Kata! Mama, endelea na jina linalofuata."

"Hajajibiwa."

"Atajibiwa, Mama. Jukwaani mlikuwa wewe na watu. Huku vipande naviunga mimi, baadaye. Niamini tu."

"Baba Shezi hakuniambia nimwamini. Aliniambia nisikilize."

Tukarudia. Nikataja, nikangoja. Baba Hlengwa ikamshinda: "Yupo!" Wengine wakamfuata, bati la lango likatetemeka.

"Baba, umeniharibia!"

"Nimekuharibia? Mtoto huyu nilimbeba mimi, damu yake ikanilowesha shati, halafu leo nimjibu kwa midomo mitupu?"

Lwandle akanivuta pembeni. Hakufoka, afadhali angefoka. "Mama, usipoendelea, sehemu hii yote naitoa. Na jina linatoka nayo."

Nikaendelea. Majina yote, mfululizo, mbele ya midomo isiyo na sauti.

Filamu ilipokamilika waliileta ukumbini kwetu. Uso wangu ukajaa ukuta mzima. "Bhekithemba Ngubane!" Kwenye spika vijana wa studio wakajibu upesi, kwa pamoja, bila hata mmoja kukohoa. Ndipo wazee wetu nao, kwenye viti, wakavuta pumzi:

"Yupo!"

Lakini yule mimi wa ukutani alikwisha kutaja jina la pili, yuko kwenye la tatu. Sauti zetu zikawa zinamkimbilia kwa nyuma. Baba Hlengwa akasimama, fimbo juu.

"MaNgubane! Ngoja basi, mwanangu! Tunajibu!"

Nilikuwa nimekaa karibu naye. Si mimi aliyekuwa akimwita.

Hakungoja.